Sultani Aliyelitwaa Neno la Wapanda Baiskeli

Hapo zamani, katika mji wa Igombero, usiku ulipokwisha kuwagawia watu wote usingizi na kumruka Nyamizi kama kawaida yake, ilisikika kengele ya baiskeli, krin, krin, kisha kishindo kama cha gunia la chumvi lililoangushwa, kisha kimya, kisha sauti ya mtu mzima ikasema polepole, "Hakuna aliyeona."

Nyamizi alikuwa macho. Mwanawe Kabula alikuwa anaota meno, na mtoto aotaye meno hapendi kukesha peke yake. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho mjini, ikipakana na uwanja mgumu wa kuanikia tumbaku, na sauti ilitoka huko uwanjani. Basi akamtikisa mumewe.

"Baba Kabula, amka, kuna mtu uwanjani, ana kengele, ameanguka, labda amekufa, hapana hajafa maana amesema neno, lakini mtu gani huyo anaanguka usiku na kengele, amka basi."

"Mwizi hapigi kengele, mama Kabula," akasema Kasele, uso wake ukiwa bado umo katika mto wa kulalia. "Lala."

Akalala yeye. Usiku wa pili ikawa vilevile, krin, kishindo, hakuna aliyeona. Usiku wa tatu vishindo vikawa viwili, na Nyamizi akajifunika khanga gubigubi yeye na mtoto wake, kwa maana alikuwa mwoga tangu kuzaliwa kwake. Ila woga wake haukukaa miguuni kama woga wa watu wengine. Ulikaa ulimini, na kila alipoogopa alisema, na kadiri alivyoogopa ndivyo alivyosema upesi.

Sasa yafaa ijulikane kwamba Kasele, mume wa Nyamizi, alikuwa mpanda baiskeli, na neno hilo huko Igombero halikuwa neno la kuokota. Mtu angeweza kukaa juu ya baiskeli mchana kutwa asiitwe mpanda baiskeli, kama vile kuku akaavyo juu ya mayai ya bata asiitwe bata. Mpanda baiskeli alikuwa ni yule apelekaye. Alipeleka maziwa, alipeleka barua, alipeleka mkunga kwa mzazi na mshenga kwa wakwe. Na kwa kuwa keria ya nyuma ni chuma, na njia za Igombero hazikuwahi kumhurumia mtu, kila abiria alikuja na takia lake mwenyewe, la matambara, amelibana kwapani. Ukimwona mtu kasimama kando ya njia na takia kwapani, ukiwa mpanda baiskeli, husemi umechoka, husemi una haraka, unasimama. Walisema, "Mwenye takia hapitwi." Ndiyo iliyokuwa desturi yao, na aliyeivunja, neno lile liliondoka kwake siku hiyohiyo, akawa mtu tu mwenye baiskeli.

Na Sultani wa mji huo alikuwa Lugalila, mtu wa majina mengi. Aliitwa Simba, akaitwa Jua la Asubuhi, akaitwa Mwavuli wa Wanyonge, mwavuli ambao wanyonge hawakupata kuonyeshwa hata siku ya mvua. Ikawa siku moja wageni kutoka mbali wakamletea zawadi ya baiskeli mpya, nyeusi, yenye kengele ya shaba. Sultani akaiweka barazani juu ya busati, akaiwekea mtu wa kuipepea. Lakini kila jioni alisikia watoto njiani wakipiga kelele za furaha, "Mpanda baiskeli huyo, mpanda baiskeli huyo," naye akichungulia huona ni Kasele na madebe yake, au mwenzake Kasele na mkunga wake. Basi wivu ukamshika Sultani.

Akamwita Waziri Tofiki. "Neno hilo ni tamu," akasema. "Kwa nini halimo katika majina yangu?"

"Ni kosa, Bwana wangu," akasema Waziri, "nami nashangaa kosa hilo limepataje ujasiri wa kudumu."

Basi ikaandikwa amri. Naye Waziri Tofiki katika maisha yake alikuwa hajaandika kitu kingine ila hati za mashamba, akaliandikia neno kama aandikiavyo shamba. Ikabandikwa mlangoni pa soko, na Nyamizi, ambaye alikuwa amesoma, tena si kidogo, akawasomea wasiojua kusoma: "Sisi, Sultani Lugalila, tumelitwaa neno Mpanda Baiskeli, pamoja na vyote vilivyomo ndani yake, vilivyo juu yake na vilivyoambatana nalo, liwe mali yetu na ya wazao wetu. Mtu mwingine asijiite wala asiitwe kwa neno hili. Atakayekaidi, baiskeli yake itatwaliwa, na yeye mwenyewe atapelekwa machimbo ya chumvi miaka saba."

Tangu siku hiyo mji ukapata taabu ya ulimi. Watu waliwaita wapanda baiskeli "ewe uliye juu ya kile," na "bwana wa kukanyaga," na mzee mmoja aliyetaka kwenda kwa mwanawe alikaa njiani tangu asubuhi hadi alasiri akitafuta namna ya kuita bila kwenda jela. Nao wapanda baiskeli, kwa kuogopa kuitwa njiani kwa neno hilo, wakaacha kuwabeba wenye takia, wakabaki kupeleka mizigo tu. Nayo baiskeli ya Sultani ikaendelea kupepewa. Hakuna aliyemwona Sultani juu yake. Waziri aliwaambia watu kwamba Sultani hapandi mbele ya watu, kama vile hali mbele ya watu, nao wakasema ni vyema, wakaenda zao.

Mwezi ukapita. Siku ya Jumanne Kasele akafika darajani na madebe manne ya maziwa, askari akamuuliza kwa mazoea, "Nani wewe?" Na Kasele, ambaye kwa miaka sita alikuwa akijibu swali hilo kwa jibu moja, akajibu kwa mazoea, "Mpanda baiskeli, bwana askari." Wakatazamana. Wote wawili walijuta, lakini aliyefungwa alikuwa mmoja.

Habari zikamfikia Nyamizi anaosha nepi. Hakungoja hata zikauke. Alimfunga Kabula mgongoni akaenda mbio mpaka barazani kwa Sultani, akaanguka kifudifudi juu ya busati karibu na gurudumu la mbele.

"Sema," akasema Sultani.

"Bwana wangu Sultani, uishi maisha marefu, mimi ni mke wa Kasele, nimeambiwa ameiba, mimi nimesema hapana, Kasele haibi, hata maziwa anayopeleka hayaonji, basi ameiba nini Bwana wangu, niambie nirudishe, maana mtoto anaota meno na nyumbani hakuna mtu."

"Ameiba neno."

Nyamizi akainua uso kidogo. "Basi na apekuliwe kinywa, Bwana wangu, likionekana litwaliwe mbele ya mashahidi, nami nirudi naye, maana mtu akiiba mbuzi hurudisha mbuzi, na neno lenyewe halijapungua mguu wala sikio."

Watu wa barazani wakatazama dari. Dari halikuwa na kitu cha kutazama, ila lilikuwa mahali pazuri pa kuficha midomo. Sultani akainuka kwa ghadhabu ili amkaribie mwanamke huyu, na alipoteremka daraja la kiti chake goti likamkataa, akayumba, akashika usukani wa baiskeli asianguke. Watumishi wote wakageukia ukutani, kama walivyofundishwa. Naye Sultani akajinyoosha, akajiambia chini kwa chini, "Hakuna aliyeona."

Nyamizi akaitambua sauti hiyo. Alitazama ule mguu, akaona chini ya pindo la kanzu bendeji mpya juu ya bendeji kuukuu. Woga wake ukaongezeka mara mbili, kwa kuwa ni jambo moja kumwogopa Sultani, na ni jambo jingine kumjua.

"Mwanamke," akasema Sultani, akirudi kitini kwa uangalifu, "nimekaa na neno hili mwezi mzima. Wangapi wamekuja langoni kwangu kukiri kwamba mimi ndimi mpanda baiskeli? Waziri, wangapi?"

"Hakuna hata mmoja, Bwana wangu," akasema Waziri Tofiki. "Utukufu wako unawatia haya."

"Basi utawatoa haya wewe," Sultani akamwambia Nyamizi, "kwa kuwa una ulimi wa kutosha watu wanane. Ijumaa, jua likisimama kichwani, nataka kuona langoni kwangu watu arobaini. Waje kwa miguu yao na kwa hiari yao, bila askari kuwasukuma wala mtu kuwalipa, na kila mmoja akiri kwa kinywa chake kwamba mpanda baiskeli wa Igombero ni mimi na hakuna mwingine. Wakitimia arobaini, mumeo ni wako pamoja na baiskeli yake. Akipungua mmoja, mumeo ataondoka na gari la machimbo saa hiyohiyo."

"Kwa hiari yao, Bwana wangu?"

"Kwa hiari yao."

Wakacheka barazani, safari hii bila kutafuta dari, kwa maana katika Igombero yote hapakuwa na watu wanne wa kulisema jambo hilo kwa hiari, sembuse arobaini.

Nyamizi akatoka. Alipofika nje ya lango alikaa juu ya jiwe akalia kidogo, Kabula naye akalia kwa ajili ya meno yake, kisha mama akafuta machozi ya wote wawili kwa ncha moja ya khanga, akaenda moja kwa moja kwa Bibi Kashindye, mkunga.

"Bibi, nina siku tatu, wanamchukua Kasele, nisikilize, njoo Ijumaa langoni kwa Sultani ukiri kwamba mpanda baiskeli ni yeye."

"Nikiri nini?" akasema Bibi Kashindye. "Mimi nimetembea kwa miguu mwezi mzima kwa sababu ya huyo Jua la Asubuhi. Mjukuu wangu, nakupenda, lakini hiyo hapana."

"Njoo na takia lako, Bibi."

Ndipo Nyamizi akamwinamia sikioni, akasema maneno kama kumi na mawili hivi, upesi upesi, akamalizia kwa sauti ya kawaida, "Nakwambia wewe tu." Mkunga akakaa chini. Mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Ijumaa saa ngapi, mjukuu wangu?"

Kutoka hapo akaenda kwa mrina asali, akamwambia yeye tu. Akaenda kwa mwalimu Ndaki, mtu mwenye heshima zake, asiyesikiliza umbea, ambaye alisikiliza mara moja akaomba arudiwe ili apate uhakika. Akaenda kwa wauza tumbaku, akaenda kwa washenga, akaenda kisimani. Siku tatu hakula vizuri. Usiku alikaa dirishani na mtoto, akisikia kengele na kishindo, akimwomba Mungu mambo mawili, Kasele arudi, na yule wa uwanjani asivunjike shingo kabla ya Ijumaa.

Ijumaa ikafika. Jua lilipokaribia kusimama, Sultani akatoka langoni na mwavuli wake, na baiskeli yake, na mpepea baiskeli wake. Upande mmoja Kasele alisimama amefungwa mikono, na nyuma yake gari la machimbo, ng'ombe wakiwa wameshafungwa nira. Nao watu walikuwa wamekwisha kupanga mstari, kila mmoja na takia lake kwapani.

Wa kwanza akapita Bibi Kashindye. "Nakiri kwa hiari yangu," akasema, "ya kwamba mpanda baiskeli wa Igombero ni Sultani na hakuna mwingine." Akafuata mrina asali na mitungi yake miwili, akakiri. Akafuata mwalimu Ndaki na sanduku la chaki, akakiri kwa sarufi nzuri. Wakafuata wa tumbaku, wakafuata washenga, akafuata mzee yule aliyekwama njiani, amemshika mbuzi. Uso wa Sultani ukawa unang'aa kama kengele yake. Alitazama matakia, akadhani ni ya kukalia wakati wa kumshangilia.

Waziri Tofiki akahesabu. "Thelathini na tisa, Bwana wangu."

Nyamizi alikuwa ameambiwa arobaini, naye aliwaambia arobaini, lakini muuza ndizi mmoja alikuwa ameamka na homa.

"Mhesabu na mtoto, Waziri, tafadhali, Kabula naye yupo, kaja kwa hiari yake, hajalia hata kidogo."

"Hajui kusema," akasema Waziri. "Hawezi kukiri."

Askari wakamshika Kasele bega. Kasele akamtazama mkewe, akasema, "Ulijitahidi, mama Kabula." Nyamizi akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya woga, hakikutoka kitu.

Hapo mlango wa ndani ukafunguliwa. Akatoka bibi kizee mfupi amevaa hariri, na kwapani ana takia la hariri. Alikuwa ni mama yake Sultani.

"Mimi ni wa arobaini," akasema. "Kila Ijumaa huyo kijana Kasele hunipeleka kwa dada yangu ng'ambo ya mlima. Mwezi mzima sasa sijamwona dada yangu. Haya, mwanangu, nakiri, mpanda baiskeli wa mji huu ni wewe na hakuna mwingine." Akalitandika takia lake juu ya keria ya baiskeli nyeusi, akalipapasa likae sawa. "Twende."

Sultani akalitazama takia.

"Twende wapi, mama?" akauliza Sultani.

"Kwa mama yako mdogo. Umeshasahau njia?"

"Na ukirudi, Bwana wangu," akasema Bibi Kashindye, akilinyanyua takia lake, "mimi nina mzazi upande wa mtoni, uchungu umemwanza asubuhi, usinicheleweshe."

"Na mimi mitungi miwili," akasema mrina asali.

"Mbuzi ni mpole," akasema mzee. "Ila mteremkoni hupiga mateke."

Sultani akamgeukia Waziri, Waziri akaigeukia amri, na amri haikuwa na pa kugeukia. Ulimi wa Nyamizi ukamrudia wote kwa pamoja.

"Bwana wangu, si mimi, imeandikwa, nimewasomea watu mwenyewe pale sokoni, umelitwaa neno pamoja na vyote vilivyomo na vilivyo juu yake na vilivyoambatana nalo, sasa lililoambatana nalo ni hilo, mwenye takia hapitwi, nao ni arobaini kama ulivyotaka, kwa hiari yao, wamekiri kwamba hakuna mwingine, basi kama hakuna mwingine watapelekwa na nani, Bwana wangu, maana wakipelekwa na mtu mwingine watakuwa wamevunja amri yako, nasi hatupendi kabisa kuvunja amri yako."

"Ameeleza vizuri," akasema mwalimu Ndaki.

Sultani alikuwa mtu wa fahari, na fahari humpeleka mtu hatua moja mbele ya akili. Akaushika usukani. Akauinua mguu ule wenye bendeji. Kidole chake kikagusa kengele bila kukusudia, ikalia, krin. Na mara hiyo watu wote arobaini wakabana pumzi, wakainamisha vichwa upande mmoja, kama watu wasikilizao wimbo wanaoujua, wakingojea ile sauti ya pili.

Sultani akawatazama. Akaushusha mguu polepole mpaka chini. Akamtazama mama yake, na mama yake akalitazama goti lake, kwa macho ya mwanamke aliyeona kikapu cha nguo chafu chenye bendeji kila asubuhi kwa mwezi mzima na hakuuliza.

Basi Sultani Lugalila akacheka. Alianza kwa tumbo tu, bila sauti, kisha ikamponyoka, akacheka mpaka mwavuli ukatikisika, na watu, ambao walikuwa wamezuia vicheko vyao tangu Jumanne, wakacheka naye.

"Waziri, andika," akasema alipopata pumzi. "Tunawarudishia wapanda baiskeli neno lao, pamoja na vyote vilivyomo, vilivyo juu yake na vilivyoambatana nalo, hasa vilivyoambatana nalo. Mfungueni huyo. Mpeni baiskeli yake, na hii yangu ampe mwenzake asiye nayo. Mkunga aanze. Kisha mama."

Wakamfungua Kasele. Naye akamfungua Kabula mgongoni kwa mama yake akambeba mwenyewe, akamfuata Bibi Kashindye kwenye baiskeli, na ilipobidi akamrudisha mtoto, alimrudisha taratibu sana. Mkunga akatandika takia, wakaondoka, na watoto wakawakimbilia nyuma wakilipigia kelele neno lile, ambalo sasa lilikuwa halali tena.

Watu walipoanza kutawanyika, Sultani akamwashiria Nyamizi asogee kando, chini ya kivuli cha lango, mahali pasipo sikio.

"Nyumba yenu ni ile iliyo karibu na uwanja wa tumbaku," akasema.

"Ndiyo, Bwana wangu."

"Usiku hulala?"

"Mtoto anaota meno, Bwana wangu."

Sultani angeweza kuuliza, umemwambia nani, lakini masultani hawaulizi swali ambalo jibu lake laweza kuwa refu. "Mumeo," akasema, "ataweza kuja huko uwanjani usiku, mara mbili kwa wiki, anishikie kiti kwa nyuma? Nitampa ng'ombe wa maziwa."

"Ataweza, Bwana wangu, tena anashika vizuri, alinifundisha na mimi, niliacha kuanguka siku ya nne."

"Siku ya nne," akasema Sultani kwa uchungu. Kisha akashusha sauti. "Basi niahidi jambo moja. Haya uliyoyasikia, usimwambie mtu mwingine."

Nyamizi akaitazama njia. Bibi Kashindye alikuwa anapotelea kona, anacheka bado, takia linaruka chini yake. Mwalimu Ndaki alikuwa amesimama na watu wasiokuwapo mstarini, anawaonyesha kwa mikono kitu kikiinuka, kikiyumba, kikilala. Muuza ndizi na homa yake alikuwa ametoka nje ya nyumba yake na blanketi kusikiliza. Nyamizi akawahesabu aliowaambia wao tu, akawahesabu walioambiwa na hao tu, nyumba kwa nyumba, tangu sokoni hadi kisimani mpaka mlango wa ndani wa jumba la Sultani, akatafuta katika Igombero yote mtu mmoja aliyesalia, hakumpata.

Basi akapiga magoti, akaweka mkono kifuani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akasema polepole.

"Naapa, Bwana wangu. Kuanzia leo sitamwambia mtu mwingine."